Cristóbal Balenciaga: mtoto wa mvuvi aliyeshona nguo kama mtu anayejenga nyumba

Kwenye barabara za Goma, Bukavu ao Lubumbashi, vijana wengi wanalijua jina Balenciaga kwa sababu ya viatu na kofia. Wachache wanajua kwamba Balenciaga alikuwa mtu. Alikuwa fundi wa kushona kutoka Hispania, aliyekufa mwaka wa 1972. Alikimbia waandishi wa habari na hakupenda kupigwa picha, lakini nguo zake zilijaa katika majarida makubwa ya mitindo ya Paris na New York. Wengi walimwita msanifu majengo wa mavazi, kwa sababu aliiangalia nguo kama vile mjenzi anavyoangalia nyumba: kuta, paa, uzito, na nafasi ambamo mtu atakaa.

Cristóbal Balenciaga Eizaguirre alizaliwa tarehe 21 Januari 1895 huko Getaria, mji mdogo wa wavuvi kando ya bahari katika jimbo la Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, José, alikuwa mtu wa mashua na aliwahi pia kuwa meya wa mji. Mama yake, Martina, alikuwa mshonaji. Baba alikufa Cristóbal akiwa na umri wa miaka 11, na toka siku hiyo sindano ya mama ndiyo iliyolisha nyumba. Mtoto alikaa karibu na mama yake, akiangalia namna kitambaa kinavyokatwa, namna mshono unavyofunguliwa na kurudiwa mpaka ukae sawa.

Getaria ilikuwa pia mahali ambapo watu wakubwa walikuja kupumzika wakati wa joto. Kati yao kulikuwa markiza wa Casa Torres, mwanamke tajiri aliyekuwa mteja wa mama Martina. Inasimuliwa kwamba kijana Cristóbal aliipenda sana nguo moja ambayo markiza alikuwa ameivaa, akaomba ruhusa ya kujaribu kushona inayofanana nayo. Markiza alimpa kitambaa na ile nguo yenyewe ili aichunguze. Kazi ile ilimpendeza, na mlango ukafunguka: kijana alipelekwa kujifunza ufundi katika mji wa San Sebastián, si mbali na kwao.

Kujifunza kwa mkono

San Sebastián wakati ule ulikuwa mji wa mapumziko wa familia ya kifalme ya Hispania. Pesa zilikuwako, na mafundi wazuri pia. Balenciaga alianza kwa mafundi wa suti za wanaume, kazi yenye masharti makali: mabega lazima yakae, kola isiinuke, mkono usivute. Mwaka wa 1911 aliingia katika karakana ya duka kubwa la Au Louvre lililofunguliwa mjini humo, na baada ya miaka michache alikuwa anaongoza kazi ya nguo za wanawake. Duka hilo lilimtuma Paris kuangalia mitindo mipya.

Mwaka wa 1917, akiwa na miaka 22, alifungua nyumba yake mwenyewe ya ushonaji San Sebastián. Alinunua nguo za washonaji wakubwa wa Paris, kama Madeleine Vionnet na Coco Chanel, akazichunguza ili kuelewa zilivyokatwa. Hakuwa na shule nyingine zaidi ya hiyo. Kazi ikakua: akafungua nyumba Madrid mwaka wa 1933, kisha Barcelona mwaka wa 1935. Nyumba zake za Hispania zilijulikana kwa jina la Eisa, lililotokana na jina la ukoo wa mama yake.

Lakini siasa iliivuruga biashara. Mwaka wa 1931 mfalme wa Hispania aliondoka, na wateja wengi wa jamii ya kifalme waliondoka naye. Mwaka wa 1936 vita ya wenyewe kwa wenyewe ililipuka. Balenciaga alifunga milango na kutoka katika inchi. Kama watu wengi wanaokimbia vita, alibeba kile ambacho hakiwezi kuporwa: ufundi ulio mikononi mwake.

Alifika Paris akiwa na miaka zaidi ya 40, umri ambao wengine wanakuwa tayari na jina. Pamoja na rafiki yake Mbaski Nicolás Bizkarrondo na Wladzio d'Attainville, mtengeneza kofia mwenye asili ya Poland ambaye aliishi naye na kufanya naye kazi kwa miaka mingi, alifungua nyumba kwenye namba 10, barabara ya George V. Defile yake ya kwanza ilifanyika Agosti 1937. Ndani ya muda mfupi wanunuzi wa Paris, London na New York walikuwa wanapanga mstari.

Nafasi kati ya mwili na kitambaa

Ili kuelewa kwa nini walimfananisha na mjenzi, ni vizuri kukumbuka mitindo ya wakati ule. Mwaka wa 1947, Christian Dior alishangaza dunia kwa nguo zenye kiuno kilichobanwa sana na sketi pana. Mwanamke alifungwa ndani ya korseti ili aingie katika umbo ambalo mshonaji alilitaka. Balenciaga alichukua njia nyingine. Kwake, nguo haikupaswa kuufuata mwili kila mahali. Ilipaswa kusimama yenyewe na kuuachia mwili hewa.

Mwaka wa 1951 alitoa suti iliyoshika mwili kwa mbele lakini ikaachia mgongo. Mwaka wa 1955 likaja gauni lililoshuka moja kwa moja bila kubana kiuno, na mwaka wa 1957 gauni lililoitwa gunia, ambalo lilificha kiuno kabisa. Magazeti mengine yalicheka. Watu waliuliza kwa nini mwanamke alipe pesa nyingi ili avae gunia. Lakini miaka michache baadaye, nguo zilizonyooka bila kiuno zilikuwa zimeenea pande zote, hata katika maduka ya bei ndogo.

Kwa wateja wake, jambo hilo halikuwa la mchezo. Wengi walikuwa wanawake wa umri mkubwa, waliozaa, wenye tumbo na mabega ya kuinama. Balenciaga hakuwaambia wapunguze uzito. Alirudisha kola nyuma kidogo ili shingo ionekane ndefu, alifupisha mikono ya koti ili kifundo cha mkono na bangili vionekane, aliinua kiuno mbele na kukishusha nyuma. Alikuwa na msimamo kwamba mwanamke hahitaji kuwa mkamilifu ao mzuri ili kuvaa nguo zake. Kazi hiyo ni ya nguo. Hata wanamitindo wa nyumba yake hawakuchaguliwa kwa uzuri wa sura peke yake. Walitembea bila kutabasamu, macho mbele, ili watu waangalie nguo.

Mikono ya nguo ndiyo iliyomnyima usingizi. Mafundi wake walisimulia namna alivyoweza kung'oa mkono wa koti lililokwisha kumalizika, akaanza upya, kwa sababu ya mkunjo mdogo ambao hakuna mwingine aliyeuona. Tofauti na washonaji wengi wenye jina, yeye aliweza kufanya kila hatua: kuchagua kitambaa, kukata, kuunganisha na kushona. Chanel, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu wengine, alimtambua kuwa ndiye mshonaji wa kweli kati yao kwa sababu hiyo. Balenciaga mwenyewe alieleza kwamba mshonaji lazima awe msanifu majengo katika kupanga, mchongaji katika umbo, mchoraji katika rangi, mwanamuziki katika ulinganifu na mwanafalsafa katika kujua kiasi.

Kitambaa kilichosimama kama karatasi

Balenciaga alianza na kitambaa. Alikigusa, alikikunja, aliangalia kinaangukaje, ndipo alipoamua kitakuwa nini. Mjenzi hawezi kufanya jengo la zege kwa udongo mtupu. Na yeye alihitaji kitambaa chepesi lakini kinachoweza kusimama. Mwaka wa 1958, pamoja na Gustav Zumsteg wa kampuni ya Abraham ya Zurich, Uswisi, alipata jibu: gazar, hariri iliyofumwa kwa nyuzi zilizosokotwa sana. Ni nyepesi, lakini ukiikunja inabaki na umbo. Mama yeyote aliyewahi kununua kitenge kipya cha waksi, ambacho hakijaoshwa na bado kina wanga, anajua jinsi kinavyosimama na kutoa sauti kama karatasi. Gazar ilikuwa na ugumu wa namna hiyo bila kuhitaji wanga.

Kwa kitambaa hicho Balenciaga aliweza kufanya kile ambacho mtu anafanya kwa karatasi: kukunja, kuinua pembe, kuacha hewa ndani. Tayari mwaka wa 1961, kwa kutumia kitambaa cha sufu, alikuwa ametoa koti lenye mshono mmoja tu. Mbele, nyuma na mikono vyote vilitoka katika kipande kimoja kipana, kilichokatwa na kukunjwa kwa hesabu kali. Fundi akitaka kuelewa siri yake, inabidi achukue karatasi na mkasi na kujaribu mwenyewe. Macho peke yake hayatoshi.

Mwaka wa 1967 alifika mbali zaidi. Alitoa vazi la arusi la gazar lenye mishono michache sana, pamoja na kifuniko cha kichwa kilichosimama kama paa la kanisa dogo. Hakuweka lesi wala shanga. Mwaka huohuo alitoa gauni jeusi lenye pembe nne, lililoning'inia kwenye mabega kama bahasha iliyofunguliwa na kubana karibu na magoti. Mwili wa mwanamke karibu haukuonekana. Palibaki umbo la pembe, miguu na uso.

Mpiga picha Hiro alilipiga gauni hilo picha kwa ajili ya jarida la Marekani Harper's Bazaar, likiwa limevaliwa na mwanamitindo Alberta Tiburzi. Hakukuwa na bustani, gari wala jumba nyuma yake. Nguo ndiyo iliyokuwa jengo. Mpaka leo wale wanaopanga mavazi kwa ajili ya picha za majarida wanarudi kwenye picha hiyo, wakijenga maumbo kwa karatasi, kadibodi na kitambaa kigumu. Lakini dukani mambo yalikuwa tofauti: inasimuliwa kwamba magauni mawili tu ya aina hiyo ndiyo yaliuzwa, na moja likarudishwa kwa sababu aliyelivaa hakuweza kwenda msalani. Hata mjenzi mkubwa anaweza kusahau mlango.

Si Hiro peke yake. Mwaka wa 1950 mpiga picha Irving Penn alipiga nguo za Balenciaga kwa ajili ya jarida la Vogue, katika studio ya juu ya nyumba moja ya Paris, kwa mwanga wa dirisha na pazia la kijivu nyuma. Mkono mmoja mkubwa wa koti ulitosha kujaza picha nzima. Carmel Snow, mhariri wa Harper's Bazaar, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza wa Marekani kumuunga mkono. Majarida yalimpenda, ingawa yeye hakuyafungulia mlango kwa urahisi.

Vazi la mke wa Bwana Kitoko

Kuna kazi moja ya Balenciaga ambayo inagusa historia ya Kongo. Tarehe 15 Desemba 1960, mjini Bruxelles, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, yule ambaye Wakongomani walimpa jina la Bwana Kitoko wakati wa safari yake ya mwaka wa 1955, alimuoa Fabiola de Mora y Aragón wa Hispania. Fabiola alitoka katika ukoo wa yule markiza wa Casa Torres aliyemfungulia njia kijana wa Getaria zaidi ya miaka 50 mbele. Vazi lake la arusi lilishonwa na Balenciaga: hariri nyeupe, mkia mrefu, na manyoya meupe kama pambo pekee. Uzito wote wa vazi uliwekwa katika mkato wake.

Miezi sita kabla ya arusi hiyo, tarehe 30 Juni, Baudouin alikuwa Leopoldville kwenye sherehe ya uhuru wa Kongo. Na siku ambayo kengele za Bruxelles zililia kwa ajili ya maarusi, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Patrice Lumumba, alikuwa mfungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Mwezi mmoja baadaye aliuawa huko Katanga. Balenciaga hakuwa na mkono katika mambo hayo; alikuwa fundi aliyepewa kazi. Lakini nguo zake, kwa bei yake na kwa wateja wake, zilikaa siku zote karibu na mamlaka. Mke wa Jenerali Franco, aliyetawala Hispania kwa mkono wa chuma, alikuwa pia mteja wake. Ni upande wa maisha yake ambao sifa za ufundi hazipaswi kuuficha.

Mtu aliyejificha nyuma ya pazia

Katika nyumba ya barabara ya George V, kulikuwa kimya kama kanisani. Balenciaga alikuwa Mkatoliki wa kusali, na wafanyakazi wake waliongea kwa sauti ya chini. Hakutokea mwisho wa defile kuinama mbele ya watu; aliangalia kutoka nyuma ya pazia. Wateja wengi walivaa nguo zake miaka na miaka bila kumwona uso. Watu wengine wa Paris walifika kujiuliza kama kweli yuko.

Kifo cha Wladzio d'Attainville, mwaka wa 1948, kilimpiga sana, mpaka akafikiri kufunga nyumba. Aliendelea, lakini upweke haukumwacha.

Toka mwaka wa 1956, yeye na rafiki yake Hubert de Givenchy waliamua kwamba waandishi wa habari wataona nguo zao karibu mwezi mmoja baada ya wanunuzi. Hakutaka kazi yake inakiliwe kabla haijauzwa, wala ihukumiwe kwa haraka. Wahariri walikasirika, lakini walirudi kila msimu, kwa sababu jarida lisilokuwa na Balenciaga lilionekana limepitwa na habari.

Nyumba yake ilikuwa pia shule. André Courrèges, aliyekuwa amesomea uhandisi wa ujenzi, alifanya kazi kwake zaidi ya miaka 10 kabla ya kufungua nyumba yake. Emanuel Ungaro alipita hapo. Oscar de la Renta alianzia katika nyumba ya Madrid.

Siku alipoweka mkasi chini

Mwaka wa 1968 Paris ilikuwa katika maandamano na migomo. Vijana walitaka nguo za haraka, za bei nafuu, zinazotoka mashinani tayari kuvaliwa. Balenciaga alijaribu kidogo njia hiyo: alibuni sare za wahudumu wa ndege za Air France. Lakini kupima mwili mmoja mmoja na kushona nguo za maelfu ni kazi mbili tofauti. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 73, alifunga nyumba ya Paris. Hakutafuta mrithi na hakufanya sherehe ya kuaga.

Kwa mafundi wake, mamia ya watu waliokuwa wamempa miaka yao, uamuzi huo ulikuwa pigo. Kwa wateja pia: Diana Vreeland, mhariri wa Vogue wakati ule, alisimulia kwamba Mona Bismarck, tajiri wa Marekani ambaye hata kaptula zake za kulimia bustani zilishonwa na Balenciaga, alijifungia chumbani siku tatu alipopata habari. Tajiri alilia nguo. Fundi alirudi nyumbani bila kazi. Hasara hizo mbili hazilingani.

Balenciaga alirudi Hispania. Aliinua tena sindano mwanzoni mwa mwaka wa 1972 kwa vazi moja la arusi, la mjukuu wa Franco, lililovaliwa Machi 8. Wiki chache baadaye, mwezi huohuo, alikufa kwa ugonjwa wa moyo huko Jávea, kando ya bahari ya Mediteranea. Alikuwa na umri wa miaka 77. Alizikwa Getaria, mji wa baba yake mvuvi na mama yake mshonaji.

Mwaka mmoja baadaye, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilipanga maonyesho makubwa ya kazi zake chini ya uongozi wa Diana Vreeland. Mwaka wa 2011 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Getaria, na vazi la arusi la Fabiola, ambalo malkia mwenyewe alilitoa, linatunzwa huko. Mwaka wa 2017, jumba la Victoria and Albert la London lilionyesha baadhi ya magauni yake yaliyopigwa picha kwa eksirei, kama vile daktari anavyochunguza mifupa. Ndani zilionekana nguzo zilizofichwa, na vipande vidogo vya uzito vilivyoshonwa ili kitambaa kianguke pale fundi alipotaka.

Jina lenyewe liliuzwa na kuuzwa tena, na leo ni la kampuni kubwa ya Kifaransa inayolibandika kwenye viatu, mifuko na kofia. Kijana anayevaa viatu hivyo, vya kweli ao vya kuigiza, anavaa herufi 10 za jina la mtu ambaye katika maisha yake hakutaka jina lake lionekane juu ya nguo. Alitaka uonekane mkono wa koti uliokaa sawa begani. Na kama haukukaa sawa, aliufungua na kuanza upya, kama alivyomwona mama yake akifanya huko Getaria.